Subiri Mpaka Gesi Itoke

Rashidy alifika Likunja Jumapili kabla jua halijachomoza, umande ukiwa bado umelala kwenye majani ya mikorosho. Safina aliisikia pikipiki tangu ikiwa mbali. Akainuka kitandani, akajitanda kanga, akafungua mlango na kusimama kizingitini. Alitarajia kumwona akicheka. Kila mwaka mwezi wa saba alikuja akicheka, mashine ya kupulizia ameifunga kwa mpira nyuma ya pikipiki, na mfuko wa salfa, dawa ya mikorosho, ameupakata mbele kama mtoto.

Safari hii hakucheka.

"Umeamkaje, Safina?"

"Salama. Za Mnero?"

"Njema tu. Mama anakusalimia." Akaishusha mashine bila kumtazama. "Ngoja nipulizie kwanza, umande usije ukakauka. Nikimaliza nina maneno na wewe."

"Maneno gani?"

"Nimalize kwanza."

Akajifunga kitambaa puani, akaibeba mashine mgongoni, akavuta kamba. Kelele ikajaa shamba zima. Safina akakaa kizingitini akimfuata kwa macho, mkorosho baada ya mkorosho, huku unga wa salfa ukipanda kwenye matawi na kutulia taratibu. Alikuwa mpuliziaji wa watu wengi, lakini kwa Safina hakupulizia kama kwa wengine. Aliuzunguka kila mti, akainama, akainuka, akarudi tena palipopungua. Asubuhi ile alirudi mara nyingi zaidi. Hivyo ndivyo anavyofanya mtu anayetaka kuacha kazi yake ikiwa imekamilika.

Shamba lile lilikuwa la marehemu mama yake, na kabla yake la bibi yake. Safina alirudi hapo akiwa na miaka ishirini na nne, baada ya mume aliyemwoa Masasi kuuza ufuta wao wote na kutokomea na mwanamke mwingine. Aliyekwenda kumchukua ni mjomba wake Abdala, kaka wa mama yake, mtu wa Nachingwea mjini. Mama alipofariki, mjomba ndiye aliyebaki kuwa baba, mama na mlango wa kupigia hodi.

Kisha wakaja watu wa gesi. Walipita na malori ya kutikisa ardhi, wakafunga vitepe vyekundu kwenye miti, wakachimbia bikoni za saruji kwenye mashamba ya watu arobaini na kitu. Wakasema hapa panaweza kuchimbwa kisima, na kule barabara. Walimpiga Safina picha mbele ya nyumba yake ameshika kibao chenye namba 47, wakajaza fomu, na kwenye nafasi ya ndoa wakaandika "Hana mume." Watu wakaambiwa wasijenge kipya wala wasipande mti mpya. Wasubiri habari.

Miaka mitatu sasa. Habari haijaja. Na mwaka ule ule wa bikoni ndio Rashidy alioanza kumpenda.

Jua lilipopanda, mashine ikanyamaza. Rashidy akaja amejaa unga mpaka kwenye kope. Safina akampa maji ya kunawa, akamletea chai na muhogo. Chai akainywa. Muhogo hakuugusa.

"Haya, sema," Safina alisema.

"Macho ya mama yamekwisha."

"Yamekwisha kabisa?"

"Tangu Mfungo Mosi, baada tu ya Idi. Juzi amejimwagia uji wa moto mguuni. Mimi niko kwenye mikorosho ya watu, kaka yangu yuko Liwale, nyumbani hakuna mtu." Akakizungusha kikombe mikononi. "Wazee wamekaa. Wamenitafutia mchumba. Msichana wa jirani, anaitwa Shamimu. Ndiye anayemsaidia mama siku hizi. Wanataka jibu langu leo magharibi."

Safina hakuwa na pa kuyaweka macho yake. Akayaweka kwenye muhogo.

"Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja uyasikie kwangu, usije ukayasikia njiani." Akasogea, akachutama mbele yake. "Na nimekuja kukuomba. Safina, twende Mnero leo. Fungasha nguo zako tu. Kesho shehe wa pale anatufungisha ndoa, wazee nitawajibu mimi."

"Kesho kuna mkutano."

"Mkutano gani?"

"Wa gesi. Anakuja afisa kutoka wilayani. Mjomba naye anakuja. Safari hii wanasema habari ipo."

Rashidy akacheka kidogo, kicheko kikavu.

"Huu ni mkutano wa ngapi?"

"Rashidy, ni kesho tu. Siku moja."

"Siku moja nitakupa. Miaka mitatu nimekupa, nitashindwa siku moja? Lakini niambie kitu kimoja." Akamshika mikono. Ya kwake ilikuwa mikavu kwa salfa. "Kesho wakisema subirini tena, utakuja?"

Safina akafungua mdomo. Mawazoni akamwona mjomba Abdala akiwa na mkoba wake wa karatasi, akisema maneno yake ya siku zote: ukiolewa, fomu imeharibika. Mume ataingia kwenye karatasi, ukoo utatoka. Ukihama, watakuta nyumba tupu, watakuruka. Na mama yako amelala kwenye shamba lile, utamwachia nani?

"Shamba silitaki," Rashidy alisema, kana kwamba ameyasikia. "Nilikwishakuambia. Niandikie karatasi mbele ya mwenyekiti wa kijiji, niweke dole gumba kwamba sidai hata jani."

"Mjomba anasema karatasi hugeuzwa."

"Mjomba anasema. Mimi nakuuliza wewe. Wakisema subirini, utakuja?"

Kuku walikuwa wakiparura chini ya mkorosho wa karibu. Kwa mbali redio ya jirani ilikuwa ikisoma salamu za watu. Safina alijua jibu ulilolitaka moyo. Lilifika kooni likakaa. Alikuwa amewahi kuufuata moyo mara moja, mpaka Masasi, akarudi hana hata sufuria.

Akanyamaza.

Rashidy akasubiri. Alisubiri muda mrefu, uso wake umeinuliwa kwake, na Safina akaona jinsi matumaini yanavyotoka usoni mwa mtu, polepole, kama maji yanavyonywewa na mchanga. Akamwachia mikono.

"Basi," akasema kwa upole. Upole wenyewe ndio uliouma. "Nimekusikia."

"Sijasema kitu!"

"Ndiyo."

Akafunga mashine nyuma ya pikipiki. Safina akamfuata mpaka njiani, kanga inamvuka begani.

"Rashidy, usiondoke hivi. Rashidy! Hujalipwa hata kazi yako!"

"Hii si ya kulipwa."

Akawasha, akapanda. Akamtazama kama mtu anayetaka kukariri kitu. Halafu akaenda. Siku ile nzima Safina hakuzungumza na kiumbe yeyote, na hakuna aliyepita kumpigia hodi. Alizoea. Lakini kuna upweke wa kumngoja mtu, na kuna upweke wa kujua kwamba hakuna tena wa kumngoja. Huo wa pili hakuwa ameuonja.

Kesho yake watu walijaa kwenye baraza la ofisi ya kijiji tangu saa mbili. Wenye benchi walikaa, wengine wakachutama kwenye kivuli cha bati. Mjomba Abdala alifika kwa pikipiki ya kukodi, amevaa koti lake la kijivu juu ya kanzu, mkoba kwapani. Alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha wakulima kwa miaka mingi, na mpaka leo aliziheshimu karatasi kuliko watu wengi wanavyoheshimu mvua.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona macho yamevimba?"

"Vumbi la salfa."

"Jifunge kitambaa." Akampapasa begani. "Leo ni leo, mwanangu. Subira yako leo itazaa."

Afisa aliyetoka wilayani alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya taratibu. Alisimama, akasalimia, akashukuru. Kisha akasema matokeo ya utafiti bado yanafanyiwa kazi, tarehe ya kuchimba haijapangwa, na huenda kisima kikahamia upande mwingine au kikabaki hapa hapa. Likithibitishwa jambo lolote watajulishwa.

"Kwa hiyo naombeni tuendelee kuwa na subira," akamalizia.

"Subira hiyo tunaila na mboga gani, mwanangu?" mzee mmoja akauliza, na watu wakacheka. Vicheko vyenyewe vilikuwa vimechoka.

Safina hakucheka. Alikuwa akiisikia sauti ya jana: wakisema subirini, utakuja? Jibu lililokuwa limemkwama kooni likajigeuza kuwa kitu kingine, likamnyanyua kwenye benchi. Mjomba akamvuta kanga. "Kaa chini." Hakukaa.

"Mimi naitwa Safina, namba arobaini na saba. Nina swali. Mwanamke aliyepimiwa shamba lake akiwa hana mume, akaja kuolewa kabla ya fidia, anapoteza haki yake?"

Vijana wa nyuma wakapiga miluzi. "Dada ana haraka!" mmoja akasema. Afisa hakucheka nao. Akamtazama Safina vizuri.

"Hapana, dada yangu. Shamba ni lako. Ukiolewa unaleta cheti, tunarekebisha taarifa zako, basi."

"Na nikihamia kwa mume? Nyumba wakiikuta tupu?"

"Umeshapimiwa, umeshapigwa picha. Acha namba ya simu na mtu wa kukuwakilisha. Hakuna anayewalazimisha mlale juu ya bikoni." Akasita. "Nani alikwambia vingine?"

Safina akakaa. Kandoni mwake mjomba Abdala alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono yote miwili, akitazama sakafu.

Watu walipotawanyika alimkuta nyuma ya ofisi, amesimama peke yake.

"Ulijua?"

"Sikujua."

"Uliwahi kuuliza?"

Mjomba akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Sikuuliza. Ningeuliza wangenijibu hivi, nawe ungekwenda. Kwa hiyo sikuuliza."

"Mjomba!"

"Sikiliza. Nilikufuata Masasi mimi. Nilikurudisha juu ya lori la mkaa, umekaa kwenye magunia, hukusema neno moja mpaka tukafika. Nikaapa mbele ya mama yako kwamba hakuna mwanamume atakayekufanyia tena vile. Nikaona gesi hii ikitoka, utapata chako, utajenga mjini, utakuwa mtu ambaye hawezi kutupwa." Akauhamishia mkoba kwapa la pili. "Nilitaka uolewe ukiwa umesimama."

"Nilikuwa na miaka ishirini na nne kwenye lori lile. Sasa nina thelathini na mbili. Umewahi kuingia ndani ya nyumba ile saa za jioni, mjomba? Ukasikia jinsi ilivyo kimya?"

Safina akageuka, akamwita kijana wa bodaboda.

"Wapi, dada?"

"Mnero. Endesha."

Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno. Atamwambia: nilikosea, nilinyamaza kwa woga, sasa nimekuja. Habari ya afisa hatamweleza kwanza, asije akadhani amekuja kwa sababu karatasi zimeruhusu. Upepo ulimtoa machozi. Wakapita kanisa, wakapita kliniki, wakauliza nyumba mara mbili. Katika miaka mitatu yote hakuwahi kufika. Mjomba alisema mwanamke haendi kwa watu ambao posa yao haijapokelewa, na posa ya Rashidy mjomba hakuipokea. Wazee walitumwa mara mbili, wakarudishwa mara mbili.

Uani palifagiwa upya. Mikeka mitatu ilikuwa imeanikwa kwenye uzio, na kando ya jiko kulikuwa na masufuria makubwa yamefunikwa, ya kuazima. Safina alipoyaona masufuria yale akajua. Miguu ikaendelea kutembea tu kwa kuwa ilikwisha kuanza.

Kwenye baraza aliketi mama wa makamo, mguu mmoja umefungwa kitambaa cheupe. Macho yake yalitazama mahali ambapo Safina hakuwapo.

"Hodi hapa."

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Shikamoo mama. Natoka Likunja."

Mama akageuza sikio kuelekea sauti. Huyo alikuwa Bi Mwamini, mama yake Rashidy. Kisha akanyoosha mkono kwenye hewa tupu.

"Marahaba, Safina. Njoo karibu. Kaa hapa."

Safina akapiga magoti mkekani. Mkono ukamfikia begani, ukapanda shingoni, ukamgusa shavu. Vidole vilikuwa vikavu na vyepesi. Vikapita kwenye paji la uso, kwenye nyusi, vikashuka puani, taratibu kama mtu anayesoma.

"Kumbe uso wako mwembamba. Mimi nilidhani una uso wa duara," Bi Mwamini alisema. "Alikuwa ananisimulia sana habari zako. Nikamwambia, baba, niletee huyo mtu nimwone, macho yangu haya hayana siku nyingi. Akasema, subiri mama, mpaka gesi itoke." Vidole vikafika chini ya jicho, vikakuta maji. "Usilie. Mimi sikuwa nakulaumu. Nilikuwa nataka kukuona tu."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini umechelewa, mwanangu. Jana magharibi amewajibu wazee. Asubuhi hii mahari imepelekwa."

Kabla Safina hajapata pumzi ya kujibu, msichana akatokea nyuma ya nyumba na kikombe cha uji. Alikuwa na miaka ishirini na moja, pengine ishirini na miwili, mwembamba, hina mpya viganjani. Akapiga goti.

"Shikamoo dada. Karibu." Kisha kwa mama: "Uji, mama. Nimeupoza. Shika hapa, mkono wa kushoto." Akavielekeza vidole vya yule mama kwenye kikombe, akangoja mpaka viliposhika sawasawa. Hakuwa akifanya ili aonekane. Hakujua hata mgeni ni nani.

"Huyu ndiye Shamimu," Bi Mwamini akasema.

"Marahaba, mdogo wangu," Safina akajibu. "Hongera."

Shamimu akainamisha uso, akatabasamu kwa aibu na kwa furaha isiyofichika, akakimbilia jikoni.

Rashidy alimkuta kwenye uzio, akijiandaa kuondoka. Alikuwa ametoka shambani. Alisimama kama aliyepigwa.

"Safina."

"Nimekuja," akasema. Katika maneno yote aliyoyapanga njiani, hayo ndiyo yaliyobaki.

"Wamesemaje kwenye mkutano?"

"Wamesema tusubiri."

Alimwona akilipokea neno lile na kulielewa. Wamesema wasubiri, naye amekuja. Rashidy akashika mti wa uzio.

"Kwa nini hukusema jana? Neno moja tu, Safina! Ningekaa hata mwaka mwingine!"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa kurudi tena kwenye lori. Si wewe. Wewe hukuwahi kunitisha hata siku moja."

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na mkono ulioinuka kidogo na kurudi chini. Nyuma yao sauti ya Shamimu ikasikika ikiimba jikoni, wimbo wa harusi, kwa sauti ya chini ya mtu anayedhani hasikiwi.

"Nitawarudia wazee," Rashidy akasema haraka. "Leo hii. Mahari si ndoa. Nitaomba radhi, watanitukana, yatakwisha. Sema tu. Ukisema nirudi kwao, nakwenda sasa hivi."

Hapo lilikuwa mbele yake, jambo alilolifuata kwa pikipiki kutoka Likunja. Hakuna fomu, hakuna mjomba. Safina akasikiliza wimbo wa jikoni. Akaziona zile hina. Akajiona mwenyewe akiwa Masasi, ameketi mlangoni siku tatu, akiambiwa na majirani mmoja mmoja kwamba mume wake harudi.

"Yule msichana anakupenda," akasema.

"Sikuulizi habari zake."

"Amempoza mama yako uji. Amemshikisha kikombe. Mimi kwa miaka mitatu sikuja hata kumpa maji." Machozi yalimtoka, lakini sauti haikutikisika. "Watu wameshakula karamu ya mahari yake, Rashidy. Kesho ukimwacha, kijiji kizima kitamtazama. Ninajua kutazamwa kulivyo. Siwezi kumtupia mtoto wa watu kitu nilichotupiwa mimi."

"Na mimi? Mimi umenitupia nini?"

"Wewe nimekukosea. Nitakaa na hilo."

Rashidy akageuza uso kando. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na Safina, ambaye hakuwahi kumwona akilia, akatamani kumshika zaidi ya alivyotamani kitu chochote duniani. Hakumshika. Angemshika, asingeondoka.

"Mpende," akasema. "Usimpe nusu. Na mama mwambie nimemwona."

Akatoka uani. Alipofika barabarani hakugeuka, kwa kuwa alijua Rashidy bado amesimama pale.

"Turudi Likunja, dada?" kijana wa bodaboda akauliza.

Safina akaifikiria nyumba yake, mlango wake, kitanda chake, jioni inayokuja. "Hapana," akasema. "Nipeleke Nachingwea."

Mjomba Abdala aliishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya maghala ya korosho, tangu mkewe alipofariki. Jua lilikuwa linazama Safina alipopiga hodi. Mzee alifungua akiwa bado na koti lake la mkutano, na mkoba ulikuwa mezani, haujafunguliwa. Chakula alichojipakulia kilikuwa kimepoa.

Alimtazama usoni, akaelewa bila kuambiwa.

"Nitakwenda Mnero mwenyewe," akasema haraka. "Kesho asubuhi. Nitawapigia magoti wazee wale. Nitawaambia kosa ni langu."

"Wameshapeleka mahari, mjomba. Kwa msichana mwingine. Msichana mzuri."

Mzee akakaa kitini kama aliyekatwa miguu.

"Naomba nilale hapa leo," Safina akasema. "Na kesho. Shamba lipo, halikimbii. Nikitaka kuliangalia nitakwenda kuliangalia. Lakini kulilinda sitalilinda tena."

"Lala. Hapa ni kwako." Akainuka, akaenda chumbani, akarudi na godoro jembamba, akalitandika mwenyewe. Safina alitaka kumsaidia, mzee akakataa. Akatafuta shuka, akaikung'uta, akaikunjua. Kisha akasimama katikati ya chumba, hana tena la kufanya.

"Hasira zako ni haki," akasema. "Ukitaka kunitukana, nitukane."

"Sina nguvu."

Adhana ya magharibi ikaanza msikitini. Wakaisikiliza mpaka ikaisha. Mjomba akavuta kigoda, akaketi karibu na godoro, akakohoa.

"Wale wazee niliwarudisha mara mbili, hata jina lake sikuwauliza," akasema. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Safina akamtazama. Katika miaka yote mitatu hapakuwa na mtu aliyemuuliza swali lile. Mambo ya Rashidy aliyaweka peke yake, akayapitia peke yake kila jioni, kwa kuogopa hata kuyatamka. Akakunja miguu juu ya godoro. Alidhani sauti haitatoka, lakini ilitoka.

"Anaitwa Rashidy," alisema. "Mara ya kwanza kumwona, mashine ilimharibikia mbele ya nyumba yangu. Akaja kuomba bisibisi. Mimi sina bisibisi, nikampa kisu. Akakaa chini akaitengeneza mpaka saa sita, mjomba, na muda wote alikuwa anaiongelesha ile mashine kama mtu, anaibembeleza, nami nikawa nacheka mlangoni. Nilikuwa sijacheka siku nyingi sana."

Mzee Abdala akaitikia kwa kichwa, akasogeza kigoda karibu zaidi.

"Enhe," akasema. "Halafu?"